Mradi wa mwanafunzi usifie kwenye maonyesho ya chuo

KILA mwisho wa mwaka wa masomo, wanafunzi wa ubunifu wa bidhaa hupanga kazi zao mezani na kuwaita walimu, wazazi na wageni waje kuziona. Mezani huwapo taa ya singa za mkonge, mkoba wa ukili, kigoda cha mnazi, bakuli la kifuu lililosuguliwa hadi likang'aa. Wageni husifu, hupiga picha, mwanafunzi hupewa alama zake, na baada ya muda mfupi vitu vile huingia stoo.

Wakati huo huo, mama anayefuma makapu kijijini humuuzia mchuuzi kapu kwa bei ambayo, ikigawanywa kwa saa alizokaa akilifuma, mara nyingi haifikii hata ujira wa kibarua wa palizi.

Watu hawa wawili wanahitajiana. Mwanafunzi ana wazo lakini hana mikono ya kutosha wala malighafi. Mfumaji ana mikono na malighafi, lakini anafuma kitu kile kile kinachofumwa na jirani zake wote, na wote wanakipeleka kwenye gulio moja siku moja. Matokeo yake ni bei kushuka, hata pale ambapo kazi yenyewe ni nzuri.

Hoja ya makala haya ni kwamba mradi wa mwanafunzi wa ubunifu unaweza kuwa mbegu ya kipato kijijini, lakini kwa sharti moja: upimwe kwa hesabu ya mfumaji kabla ya kupimwa kwa macho ya mwalimu. Mradi usiojua saa ngapi zinatumika, malighafi inatoka wapi, nani atanunua na nani atabeba hasara kitu kikikataliwa, haujawa biashara. Ni pambo la mezani.

Redio ya mbao ya Kandangan

Mfano mzuri wa mradi wa chuo ulioishia kijijini unatoka Indonesia. Singgih Susilo Kartono ni mzaliwa wa Kandangan, kijiji cha wakulima katika wilaya ya Temanggung, Java ya Kati, eneo linalojulikana kwa kilimo cha tumbaku. Alisomea ubunifu wa bidhaa katika Taasisi ya Teknolojia ya Bandung na kuhitimu mwaka 1992. Mradi wake wa mwisho ulikuwa redio yenye kasha la mbao.

Angeweza kuishia hapo, kama wengi wanavyoishia. Badala yake alirudi kijijini, na baada ya miaka ya kujaribu na kukwama, mwaka 2003 alianzisha karakana yake. Redio hiyo ikaingia sokoni kwa jina la Magno. Kutoka karatasi ya chuo hadi mteja wa kwanza ilichukua zaidi ya miaka 10. Jambo hilo liwekwe wazi kwa kila anayedhani wazo zuri hujiuza lenyewe.

Redio moja huchukua takriban saa 16 za kazi. Mbao zake ni msonobari na sonokeling, mti wa jamii moja na mpingo. Hesabu ya Kartono ilikuwa rahisi kueleweka na mkulima yeyote. Gogo likiuzwa kama gogo, kijiji hupata fedha kidogo na kubaki na kisiki. Gogo hilo hilo likigeuzwa makasha madogo ya redio, kipande kidogo cha mbao hubeba saa nyingi za ujira. Mwaka mzima karakana ilitumia miti isiyofika 100, huku miche iliyooteshwa na kugawiwa kwa wanakijiji ikihesabiwa kwa maelfu.

Tuzo zilifuata. Mwaka 2008 redio hiyo ilipata tuzo ya ubunifu bora nchini Japan, na mwaka 2009 ikashinda katika kundi la bidhaa kwenye tuzo za Brit Insurance mjini London. Hata hivyo, tuzo siyo somo kubwa la Kandangan.

Somo kubwa ni namna kazi ilivyopangwa. Vijana walioajiriwa hawakuwa mafundi seremala wa ukoo. Kazi iligawanywa katika hatua ndogo ndogo, kila hatua ikawa na kipimo chake, na kijana akafundishwa hatua yake mpaka akaimudu. Kazi ilibaki ya mkono, lakini redio ya kwanza na ya 100 zilifanana. Mnunuzi wa mbali hulipia mambo mawili: uzuri wa kitu, na uhakika kwamba kitu atakachopokea ni kile alichokiona kwenye sampuli. La pili ndilo linaloangusha vikundi vingi vya kazi za mikono.

Baadaye Kartono aliendelea na baiskeli za mianzi, na kuanzia mwaka 2016 watu wa eneo lake wakaanzisha soko ndani ya kichaka cha mianzi kilichokuwa kimegeuka jalala, wakiuza vyakula na mazao ya hapo hapo. Mbunifu aliyeanza na redio aliishia kuwatafutia soko wauza maandazi na mboga. Hapo ndipo ubunifu unapokuwa na maana kwa mkulima.

Taa za Gifu: kazi ya zamani, matumizi mapya

Kwa upande wa taa, historia yenye mafunzo mengi ni ya mji wa Gifu nchini Japan. Kwa karne nyingi mafundi wa huko walitengeneza fanusi za mishumaa kwa fito nyembamba za mianzi na karatasi ya magome ya mforosadi. Zote mbili ni malighafi za shambani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, umeme ulikuwa umeenea na fanusi ya mshumaa haikuwa tena na kazi kubwa. Ilibaki pambo la sikukuu, na nyingi zilitengenezwa kwa haraka na kuuzwa rahisi.

Mwaka 1951 mchongaji Isamu Noguchi, Mmarekani ambaye baba yake alikuwa Mjapani, alipita Gifu. Aliombwa asaidie kuinua kazi hiyo. Hakuwafundisha mafundi namna ya kukunja mwanzi, kwa sababu walijua kuliko yeye. Alichofanya ni kuuondoa mshumaa na kuweka balbu ya umeme, kisha akachora maumbo mapya ambayo hayakuwa ya sikukuu bali ya sebule. Akaziita taa hizo Akari, neno la Kijapani lenye maana ya mwanga. Katika maisha yake alichora aina zaidi ya 100, na kampuni ya Ozeki ya hapo Gifu, iliyoanzishwa mwaka 1891, inaendelea kuzitengeneza kwa mkono.

Kuna jambo jingine dogo ambalo mfanyabiashara atalithamini. Taa ya Akari hukunjwa ikawa bapa, ikaingia kwenye boksi jembamba. Kitu kikubwa kilichojaa hewa hugharimu sana kusafirisha, kwa sababu gari au meli hutoza nafasi, siyo uzito peke yake. Mbunifu aliyefikiria boksi tangu siku ya kwanza aliokoa nauli ambayo vinginevyo ingekatwa kwenye ujira wa fundi.

Pamoja na hayo, taa hizo ziliigwa kila kona ya dunia kwa karatasi rahisi. Noguchi alijibu kwa kuendelea kuchora maumbo mapya, na Gifu ikaendelea kushika ubora. Funzo lake ni kwamba umbo peke yake halilindiki kwa urahisi. Kinacholindika zaidi ni ubora usiobadilika, jina linaloaminika, na kasi ya kuleta kitu kipya kabla mwigaji hajamaliza kuiga cha zamani.

Chupa za plastiki na wafumaji wa Colombia

Mfano wa tatu ni wa karibu zaidi na hali ya vijiji vya Afrika. Mbunifu wa Hispania, Alvaro Catalán de Ocón, alikutana na tatizo la taka za plastiki nchini Colombia mwaka 2011. Wazo lake lilikuwa kuchukua chupa ya plastiki iliyotumika, kuacha shingo na kifuniko chake, na kuchana mwili wa chupa kuwa chane ndefu. Chane hizo ndizo zikawa mitande ambayo mfumaji hupitishia nyuzi zake, na shingo ya chupa ikawa mahali pa kushikia waya wa umeme.

Wafumaji wa kwanza walikuwa watu wa jamii za asili kutoka mkoa wa Cauca, waliokimbia vita na kuishi mjini Bogotá. Mradi huo ulikwenda baadaye Chile, Ethiopia, Japan, Australia na Ghana.

Kinachostahili kuigwa hapa ni mgawanyo wa kazi. Mbunifu alitatua jambo moja tu ambalo mfumaji hakuwa nalo: namna ya kuunganisha kitu kilichofumwa na waya wa umeme kwa usalama na kwa gharama ndogo. Nakshi, rangi na mtindo wa kufuma aliwaachia wenyewe. Kwa sababu hiyo taa za Ethiopia hazifanani na za Chile, na mnunuzi anayezitaka za Ethiopia hawezi kuzipata kwingine. Mbunifu anayefika kijijini na mchoro uliokamilika hadi rangi ya uzi humgeuza mfumaji kuwa mashine, na mashine ya bei rahisi zaidi ipo nchi nyingine.

Malighafi ipo, matumizi ndiyo machache

Nchini Tanzania malighafi siyo tatizo la kwanza. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 iliyotoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutoka miche hiyo zao likakua hadi kufikia zaidi ya tani 230,000 mwaka 1964. Kisha nyuzi za viwandani zikachukua soko la kamba na magunia, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeanguka hadi karibu sehemu moja ya kumi ya kiwango hicho.

Historia hiyo ina onyo. Zao linalotegemea matumizi mawili au matatu tu huanguka pamoja nayo. Kila matumizi mapya ya singa, hata yakiwa madogo, ni mguu wa ziada chini ya meza.

Ukiacha mkonge, kuna milala na mikindu ya mikeka, minazi ya mwambao yenye makuti, makumbi na vifuu, migomba ya Kagera, Kilimanjaro na Mbeya ambayo maganda yake hukauka shambani, na mianzi ya Nyanda za Juu Kusini. Nyingi kati ya hizo ni mabaki ya mazao. Mkulima ameshalima na ameshavuna, na kinachobaki ni kulipia mikono.

Ujuzi nao upo. Chukua kawa, kile kifuniko cha chakula kinachosukwa kwa ukili katika mwambao na visiwani. Umbo lake ni la pia: pana chini, chembamba juu. Ukilitundika darini na kuweka balbu ndani, kawa ni taa iliyokwisha kuchorwa na mabibi. Linachohitaji ni tundu la holda, pete ya waya ya kulishikilia, na kipimo kinachofanana kutoka kawa moja hadi jingine.

Zamani wazo hilo lingekuwa la hatari. Balbu ya kizamani ya wati 60 ilipoteza sehemu kubwa ya umeme kama joto, na ukili mkavu karibu na joto lile ungeweza kuungua. Balbu za LED za wati 7 hadi 9 hutoa mwanga wa kiasi hicho kwa joto dogo zaidi. Teknolojia hiyo imefungua mlango kwa vifaa vya shambani ambavyo miaka 20 iliyopita visingefaa kwa taa. Bado ni lazima fundi umeme akague waya na holda, na kila kifuniko kiwe na maelezo ya aina ya balbu inayoruhusiwa. Taa moja ikiunguza nyumba ya mteja, kikundi kizima kimekwisha.

Soko la ndani nalo limebadilika. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwezi Agosti 2017, na Tanzania ikafuata Juni 1, 2019. Kapu na mkoba wa kufuma vilipata nafasi ambayo havikuwa nayo kwa miaka mingi. Lakini sehemu kubwa ya nafasi hiyo ilichukuliwa na mifuko ya kitambaa cha kiwandani, kwa sababu ilikuwa tayari, ilikuwa mingi, na ilifanana. Wafumaji walikuwa na kitu bora zaidi. Hawakuwa na wingi wala kipimo.

Wenzao wa Kenya wanakumbuka hadithi ya kiondo. Kapu hilo la mkonge la akina mama wa Kikamba na Kikuyu lilipendwa sana Ulaya na Marekani katika miaka ya 1970 na 1980, kisha likaigwa na viwanda vya Asia vilivyouza kwa bei ya chini. Waliobaki sokoni ni wale waliokuwa na wanunuzi wanaowajua kwa jina na wanaobadilisha mitindo yao. Waliotegemea umbo la kiondo peke yake walibaki kushindana kwa bei, na katika shindano la bei mkono haumshindi mtambo.

Hesabu ya saa

Sasa ije hesabu. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, na kila kikundi kiweke bei za mahali pake.

Chukua kapu la mkonge la ukubwa wa kati linalouzwa kwa mchuuzi Sh12,000. Singa, rangi na vishikio vimegharimu Sh5,000. Mfumaji anabaki na Sh7,000. Akiwa ametumia saa 14, kila saa imempa Sh500.

Sasa chukua kifuniko cha taa kilichochorwa na mwanafunzi, kinachonunuliwa na duka la samani kwa Sh25,000. Malighafi ni Sh4,500, na kwa kuwa nakshi ni chache kinachukua saa 10. Mfumaji anabaki na Sh20,500, yaani Sh2,050 kwa saa. Ni mara nne ya kapu. Kwa hesabu hii, mwanafunzi na kikundi hupeana mikono na kushangilia.

Lakini hesabu haijaisha. Mwenye duka anataka vifuniko vyenye kipenyo kilekile, kwa sababu vinatundikwa vitatu vitatu kwa mstari. Katika vitano vilivyofumwa, tuseme kimoja kimepinda na kimekataliwa. Malighafi ya vitano ni Sh22,500 na saa ni 50. Vinne vilivyopokelewa vimeleta Sh100,000. Kinachobaki ni Sh77,500, au Sh1,550 kwa saa. Bado ni vizuri.

Vikikataliwa viwili, saa inashuka hadi Sh1,050. Vikikataliwa vitatu, inashuka hadi Sh550. Yaani mfumaji amerudi karibu palepale alipokuwa na kapu lake, tena akiwa amemsubiri mwenye duka alipe baada ya mwezi mzima, wakati mchuuzi wa kapu alilipa taslimu.

Hapo ndipo miradi mingi ya wanafunzi inapofia. Mchoro ulikuwa mzuri na bei ilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni kalibu ya mbao ya Sh chache ambayo mfumaji angeizungushia kazi yake ili kila kifuniko kitoke na kipenyo kimoja. Mwanafunzi alifuma sampuli moja kwa siku tatu akiwa na utulivu wote wa chuo. Hakuwahi kuuliza nini kitatokea mama yule yule anapofuma cha ishirini usiku, baada ya kutoka shambani.

Kwa mantiki hiyo, alama za mradi zisitolewe kwa sampuli ya kwanza. Zitolewe kwa ya 20, iliyofumwa na mtu mwingine asiyekuwa mwanafunzi mwenyewe.

Nani ana haki gani

Suala la pili linalohitaji uwazi ni haki. Mara kadhaa vikundi hulalamika kwamba kijana alikuja, akapiga picha, akajifunza namna ya kupaka rangi ya magome, akafumiwa sampuli, akaondoka, na hawakusikia habari zake tena. Upande wa pili, wapo wabunifu vijana wanaolalamika kwamba walileta mchoro kijijini na baada ya miezi miwili ukawa unauzwa kwenye kila kibanda cha barabarani.

Malalamiko yote mawili ni ya kweli, na dawa yake ni moja: karatasi. Makubaliano ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, yaliyosainiwa mbele ya mtendaji wa kijiji, yakitaja mambo machache. Nani ameleta mchoro na nani ameleta mbinu ya kufuma. Mfumaji atalipwa kiasi gani kwa kila sampuli, hata ikishindikana. Kwa muda gani kikundi hakitamuuzia mwingine umbo hilo, na kwa kubadilishana na nini. Mbunifu atapata asilimia ngapi ya mauzo, na kwa muda gani. Jina la kikundi litaandikwa kwenye kibandiko au la.

Kikundi kikishapata oda za kudumu, jina lake ni mali. Tanzania Bara alama za biashara husajiliwa BRELA. Kama Gifu ilivyoonyesha, umbo litaigwa, lakini jina likishaaminiwa na wanunuzi ni ngome ambayo mwigaji huijenga kwa taabu.

Aidha, malipo ya sampuli yasionekane kama zawadi. Mfumaji aliyetumia siku tatu kujaribu kitu kipya amepoteza makapu aliyoyajua. Kwa kaya inayohesabu unga kwa siku, jaribio lisilolipwa ni hasara inayoonekana jikoni. Wataalamu wengi hushangaa kwa nini wanakijiji “hawapendi mabadiliko”. Wangepiga hesabu ya nani anabeba gharama ya mabadiliko hayo, mshangao ungeisha.

Hofu zenye msingi

Wapo watakaosema kwamba kazi za mikono ni urithi, na kuzibadilisha kwa ajili ya mapambo ya sebule za watu ni kuzidhalilisha. Hoja hiyo ina uzito kwa vitu vya ibada na mila, na hivyo viachwe. Lakini mkeka na kapu vimekuwa vikibadilika siku zote. Rangi za dukani ziliingia, mitindo ya pwani ikapanda bara, vishikio vya ngozi vikaja. Kitu kinachokufa haraka ni kile ambacho binti hataki kujifunza kwa mama yake kwa sababu ameona hakilipi.

Wengine watasema soko la taa na mapambo ni dogo na linategemea watalii. Ni kweli kwamba kikundi kinachotegemea hoteli peke yake kiko hatarini. Mwaka 2020 safari za kimataifa ziliposimama kwa sababu ya ugonjwa wa korona, waliokuwa na mteja wa aina moja walikwama na mali ndani. Ndiyo maana isihimizwe kuacha kapu na kukimbilia taa. Kapu ni kama mahindi ya chakula, na taa ni kama zao la biashara. Mkulima mwenye busara hang'oi mahindi yote apande alizeti kwa msimu mmoja.

Tena mteja wa ndani asidharauliwe. Nyumba zinajengwa kila mji, saluni na migahawa inafunguliwa, na wenye nazo wananunua taa za plastiki na za kioo kutoka nje kwa sababu ndizo zinazopatikana dukani. Mteja wa Morogoro au Mwanza hahitaji boksi la kusafirishia baharini wala kibali cha kusafirisha nje. Ni mahali pazuri pa kujifunzia kabla ya kwenda mbali.

Nini kifanyike

Vyuo vinaweza kuanza bila kusubiri bajeti mpya. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akae na kikundi kimoja kwa wiki kadhaa, nje ya msimu wa kupanda na kuvuna, na ripoti yake iwe na kurasa za hesabu: saa, malighafi, vilivyoharibika, nauli na bei ya mnunuzi aliyepatikana kweli. Mwalimu wa biashara akae meza moja na mwalimu wa sanaa siku ya kutoa alama.

SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ina ofisi mikoani na ina uzoefu wa zana. Kalibu, mashine ndogo za kusokota singa na vyumba vya kukaushia ukili usiote ukungu ni kazi zinazofaa mikono yake. Halmashauri nazo zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi chenye oda iliyoandikwa na hesabu ya saa kina hoja yenye nguvu zaidi mbele ya kamati kuliko kikundi chenye nia njema tu.

Wafanyabiashara wadogo wenye maduka ya samani na vifaa vya umeme wana nafasi yao. Wachukue vifuniko 10 kwa malipo ya awali ya nusu, wavitundike vikiwaka, na warudishe taarifa kijijini: kipi kiliuzwa, kipi kililalamikiwa, na kwa nini. Taarifa hiyo ina thamani kuliko semina.

Vikundi vyenyewe vianze na daftari. Kila kitu kinachofumwa kiandikwe saa kilizochukua, malighafi iliyotumika na bei iliyopatikana. Daftari la miezi mitatu litawaonyesha akina mama kazi ipi inawalipa na ipi inawalaghai. Siku mwanafunzi atakapobisha hodi na mchoro wake, hawatamwuliza kwanza kama taa ni nzuri. Watamwuliza inachukua saa ngapi, na itanunuliwa na nani.

Mwanafunzi mwenye jibu akaribishwe ndani. Asiye na jibu apewe kigoda akae afume naye, mpaka alipate.